Mguu Usiolalamika: Kisukari, Baridi Yabisi ya Watoto na Simu ya Mkononi

Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya wauguzi, maafisa wa kliniki na wahamasishaji wa afya ya jamii

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kufika.

Kwenye benchi la kliniki yoyote ya mji huu wanaweza kuketi bega kwa bega wagonjwa wawili wasiofanana kwa lolote. Mmoja ni mzee aliyekaa na kisukari miaka kumi na mitano. Mwingine ni mtoto wa miaka mitatu aliyepakatwa na mamake. Muulize mzee, "Miguu yaendeleaje?" Atakujibu, "Haina shida, daktari." Muulize mtoto, naye atauficha uso kifuani pa mama. Mguu wa mzee huenda umeacha kuhisi. Mtoto anahisi, ila hana maneno. Tukingoja walalamike, tumechelewa.

Nianze na mzee. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni. Ganzi hupanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Wengi wetu tunajua habari ya ganzi tukaishia hapo. Lakini mishipa inayoamrisha jasho hufa pia, ngozi ikakauka na kisigino kikapasuka. Misuli midogo ya wayo hudhoofika, vidole vikajikunja kama makucha, na uzito wa mwili ukaangukia vichwa vya mifupa iliyo nyuma ya vidole. Hapo ngozi hujikinga kwa kuota sugu. Sugu ni ngumu, kwa hiyo kila hatua huikandamiza nyama iliyo chini yake kama kokoto ndani ya kiatu. Damu huvilia, ngozi hufunguka, na mtu anaendelea na safari yake ya sokoni kwa sababu hakuna kilichomwambia asimame. Ukiona sugu yenye doa jeusi katikati, hesabu kwamba hicho ni kidonda tayari.

Kati ya miguu 10 inayokatwa kwa ajili ya kisukari, takriban 8 ilitanguliwa na kidonda. Na kidonda kikishapona, karibu watu 4 kati ya 10 hupata kingine kabla ya mwaka kwisha. Hapa ndipo tunapokosea: kidonda kikifunga, nasi tunafunga faili. Aliyepona ndiye wa kufuatwa kwa karibu kuliko wote. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari, ulioandikwa upya mwaka 2023, unataka aliyewahi kuwa na kidonda akaguliwe kila mwezi mmoja hadi mitatu. Mwenye ganzi pamoja na vidole vilivyopinda, au ganzi pamoja na damu isiyofika vizuri, kila miezi mitatu hadi sita. Mwenye ganzi peke yake, kila miezi sita hadi kumi na miwili. Asiye na lolote, mara moja kwa mwaka, na siku hiyo soksi zivuliwe kweli. Gusa mapigo ya damu mahali pawili: juu ya wayo, na nyuma ya kifundo cha ndani.

Nyumbani mambo huharibika kwa njia tunazozijua. Mwezi wa Julai Nairobi ina baridi, miguu inasogezwa karibu na jiko. Maji ya moto na chumvi yanaletwa kwenye beseni, mtu anapima joto kwa mguu uleule usiohisi, ngozi inababuka. Maji yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, yasizidi nyuzi 37, na mguu uoshwe tu, usilowekwe, kisha ukaushwe hadi katikati ya vidole. Mafuta yapakwe kisigino na juu ya wayo, katikati ya vidole yasiingie, kwa sababu unyevu wa hapo huleta ukungu na mpasuko. Wembe wa kukwangua sugu na dawa za maji za kuchoma sugu zisiingie nyumba hiyo kabisa. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika pia kuhusu panya wanaotafuna vidole vya wagonjwa waliolala wasihisi kitu. Nimeona nyuso zilizokunjamana, lakini mambo hayo yapo, na katika nyumba za mabati yenye matundu ushauri wa kulala miguu imefunikwa vizuri au ndani ya neti ni ushauri wa kitabibu.

Viatu. Ndara yenye kamba katikati ya vidole haifai kwa mguu wenye ganzi. Mtu huibana kwa vidole ili isichomoke, kamba inasugua, na ikichomoka hajui. Mitumba si vibaya, mradi tujue kuichagua. Jioni, mguu ukiwa umejaa, simama juu ya kipande cha katoni, mwenzako achore ukingo wa wayo. Ongeza sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi, kata, nenda nacho soko la mitumba, Gikomba au Toi. Katoni ikiingia kiatuni bila kukunjika, kiatu kinakutosha. Ikikunjika upande, kirudishe hata kama ni kizuri na bei imeshuka. Kisha ingiza mkono hadi mbele utafute msumari, mshono uliochomoza, na zaidi ya yote bonde lililochongwa na mguu wa mwenye kiatu wa kwanza, maana bonde hilo halikuchongwa kwa mfupa wako.

Sasa joto. Mguu usiohisi unapoanza kuumia ndani, huwa moto kabla haujafunguka. Watafiti wa Marekani walitumia jambo hili: mgonjwa alipima joto la nyayo zote mbili kila siku, sehemu sita kila upande, yaani kidole gumba, nyuma ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, katikati ya wayo, na kisigino. Sehemu moja ikizidi ya mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 siku mbili mfululizo, mtu anapunguza kutembea na kupigia kliniki. Vipimajoto vya paji la uso vilivyonunuliwa wakati wa korona bado vimo kabatini mwetu. Vinaweza kutumika, lakini tazama kitufe: vikiwa kwenye hali ya kupima mwili, hubadilisha namba ili ifanane na joto la ndani ya mwili, na kwenye mguu wa baridi huenda visionyeshe namba kabisa. Viweke kwenye hali ya kupima vitu. Vua soksi, keti dakika kumi, usipime mara tu baada ya kushuka matatu ambayo jua lilikuwa likiupiga mguu mmoja. Mguu mzima ukivimba, ukawa moto na mwekundu au mweusi zaidi ya mwenzake bila maumivu makubwa wala kidonda, usikimbilie kusema ni ugonjwa wa gauti. Huenda mifupa inavunjika ndani. Mgonjwa huyo asikanyage hata hatua moja hadi aonwe.

Nije kwa mtoto, ambaye kwa maoni yangu tunamtupa zaidi. Watu wanadhani baridi yabisi, yaani ugonjwa wa kuvimba viungo, ni ya nyanya na babu zetu. Lakini kiungo cha mtoto aliye chini ya miaka 16 kikivimba kwa wiki sita au zaidi, na sababu nyingine zikatafutwa zisipatikane, hiyo ni baridi yabisi ya utotoni. Goti na kifundo cha mguu huongoza. Goti lililovimba huonekana. Kifundo hufichwa na soksi na unene wa utoto.

Mama atakwambia nini? Hatasema "maumivu". Atasema mtoto akiamka anachechemea, ikifika saa nne anacheza kama kawaida. Atasema ameanza tena kutaka kubebwa, au anashuka ngazi kwa makalio. Mara nyingi huambiwa, "Anakua tu." Maumivu ya kukua yapo, lakini huja jioni au usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia. Anayechechemea asubuhi haumwi na kukua. Kiungo kimoja chenye moto pamoja na homa kali ni dharura ya siku hiyohiyo, maana huenda ni usaha. Na mtoto aliyetoka jamii yenye ugonjwa wa damu wa selimundu, au anayekonda na kuumwa na mifupa usiku, apimwe damu kabla ya kumpa jina lolote.

Namna ya kumtazama: avue viatu, atembee akuelekee na akupe mgongo. Atembee kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino. Akiwa juu ya vidole, tazama visigino kutoka nyuma. Vinapaswa kugeukia ndani kidogo. Kimoja kikibaki wima, kiungo kilicho chini ya kifundo kimekakamaa. Kisha angalia vile vishimo viwili kando ya kano ya kisigino. Kimoja kikiwa kimejaa na kingine kina bonde, umepata jibu. Mwisho bana kwa upole sehemu pana ya wayo, ukimtazama uso wala si mguu. Yote haya ni dakika tatu. Na mpeleke kwa daktari wa macho hata kama jicho ni jeupe kabisa bila wekundu, kwa sababu ugonjwa huu huvimbisha ndani ya jicho kimyakimya, na macho hupotea hivyo.

Dawa ndiyo msingi. Methotreksati, dawa ya kutuliza baridi yabisi, humezwa au huchomwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, si kwa siku. Chagueni siku moja na iandikwe kwenye karatasi kwa Kiswahili, kwa sababu kuimeza kila siku kunaweza kuua. Lakini wayo nao una haki yake. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 60, ulilinganisha soli za ndani zilizorekebishwa kulingana na mguu wa kila mtoto na soli zinazofanana nazo zisizo na marekebisho. Baada ya miezi sita, waliopata zilizorekebishwa walikuwa na maumivu madogo na maisha mepesi zaidi. Soli hizo hazikuwa za kuchongwa kwa mashine ya bei kubwa. Zilikuwa za kawaida, zikaongezwa vipande papo hapo kliniki. Fundi wa viatu mwenye sponji ngumu na gundi, akielekezwa na mtaalamu, anaweza kazi hiyo. Siku ya kwanza mtoto avae saa moja, ya pili mbili, aongeze hivyo. Wekundu au weusi usioisha nusu saa baada ya kuvua ni ishara ya kurudi kurekebisha. Na kiatu cha shule kilichonunuliwa kikubwa ili "akue nacho" kinaharibu soli yoyote, maana mguu unaogelea ndani.

Simu inaingia wapi? Naomba nitumie mfano wetu wenyewe. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa Nairobi na Kajiado kwa watu 538 walioanza dawa za virusi vya ukimwi. Kila wiki, nusu yao walipata ujumbe mfupi wa neno moja: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, na asiyejibu kabisa, alipigiwa na mhudumu. Waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, wenzao 50. Ujumbe haukutaja ugonjwa, kwa hiyo hata simu ikishikwa na shemeji hakuna siri iliyomwagika. Ulifika kwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe, sawasawa na simu ya bei. Na ukimya ulihesabiwa kuwa jibu. Mguu wetu usiolalamika unahitaji mfumo wa namna hiyohiyo: kila Jumapili jioni, mzee aulizwe kama amekagua nyayo, mama aulizwe kama mtoto alichechemea asubuhi. Kabla hamjatuma ujumbe wa kwanza, amueni kwa jina nani atapiga simu Jumanne. Programu yoyote isiyo na mtu huyo mimi siiungi mkono, iwe nzuri vipi kwenye kioo cha simu.

Picha za vidonda kwa simu pigeni, zinasaidia kufuatilia. Mwanga wa dirishani, rula kando, simu sambamba na kidonda, umbali uleule kila mara. Ila utafiti wa Australia wa 2017 ulionyesha kwamba wataalamu wakitegemea picha ya simu peke yake hukosea mno na hupishana wenyewe kwa wenyewe. Picha hainusi, haigusi joto, haipimi kina. Na mguu wa mgonjwa ni habari yake ya siri chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, usiingizwe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Sasa vueni viatu, tafadhali, wote. Kaeni wawili wawili. Kipimo hiki cha hisia za mguu kilitoka Ipswich, Uingereza, mwaka 2011, na chombo chake ni kidole chako cha shahada. Anayepimwa afumbe macho. Gusa ncha ya kidole kwa sekunde moja au mbili, kwa wepesi wa unyoya, usibonyeze wala usipapase. Akihisi aseme "kulia" au "kushoto". Anza gumba la kulia, kisha kidole kidogo cha kulia, gumba la kushoto, kidogo cha kushoto, halafu cha katikati kulia na cha katikati kushoto. Kidole kilichokosa usikirudie. Viwili au zaidi vikikosa kati ya sita, hapo hisia imepungua, na mtu huyo aje hapa mbele kabla hajavaa viatu.