Namna ya Kubashiri Mechi ya Michigan na Ohio State

Karibuni watazamaji. Jumamosi ya mwisho ya Novemba Michigan na Ohio State, timu za vyuo vikuu vya Marekani zinazocheza futiboli ya Kimarekani, wanakutana tena, na leo tunapiga hesabu pamoja: nani atashinda, kwa pointi ngapi, na tuna uhakika kiasi gani. Shika karatasi na kalamu. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya kwanza, andika hendikapu. Ingia kwenye tovuti yoyote inayoonyesha odi. Si lazima ubeti, tunachotaka ni namba tu. Ukikuta Ohio State −7, maana yake wanategemewa kushinda kwa pointi 7. Namba hiyo tayari imebeba majeruhi wanaojulikana, ubora wa timu na faida ya uwanja wa nyumbani, ambayo kwa kawaida ni pointi 2 au 3. Kwa hiyo usije ukaongeza tena pointi za nyumbani. Mwaka wa shufwa wanacheza Columbus, nyumbani kwa Ohio State, mwaka wa witiri Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan. Uhasama huu umeanza 1897 na una visa vitamu sana, ila kwenye karatasi yetu visa hivyo havina nafasi.

Hatua ya pili. Tazama jedwali hili la takwimu kwenye skrini. Watu wengi hukimbilia jumla ya pointi. Wewe chukua jumla ya yadi ambazo timu imesonga mbele na mpira, gawanya kwa idadi ya mara ambazo timu ilianzisha mpira ikishambulia. Ukipata 6 na zaidi, hao wanashambulia vizuri. Fanya hivyo hivyo kwa yadi wanazoruhusu wakilinda, kisha toa ya pili kwenye ya kwanza, ulinganishe tofauti za timu zote mbili. Na tafadhali, tumia mechi za ndani ya ligi yao ya Big Ten peke yake. Zile za Septemba, ambapo timu kubwa inamfunga mnyonge pointi 50, zifute kabisa, zinapotosha wastani.

Hatua ya tatu ni mipira iliyopotezwa. Timu iliyonasa pasi nyingi za wapinzani na kuokota mipira mingi iliyoanguka huonekana kali kuliko ilivyo. Mpira ukishadondoka, nani anauokota ni karibu nusu kwa nusu. Basi kama timu imeshinda mechi zake za karibuni kwa zawadi hizo, ipunguzie pointi moja au mbili.

Sasa hatua ya nne, na hapa naomba utulie, maana ndipo mechi hii inapoamuliwa: safu za mbele. Usilinganishe timu kwa ujumla. Linganisha wale watu watano wanaomkinga kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, wa huku na wale wanaowavamia wa kule.

Chukua mwaka 2024. Ohio State walikuwa nyumbani, hendikapu karibu pointi 20. Michigan walikuwa wameshafungwa mechi 5, na beki wao nyota Will Johnson hakucheza. Ukitazama namba za jumla, mechi imekwisha. Lakini Ohio State walikuwa wamempoteza Josh Simmons wa upande wa kushoto, na kisha Seth McLaughlin, yule wa katikati kabisa anayemrudishia kwotabeki mpira. Na katikati ya ulinzi wa Michigan walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, kila mmoja zaidi ya pauni 300. Yaani pengo la Ohio State lilikuwa mbele ya nguvu ya Michigan. Ohio State wakang'ang'ania kupita hapo hapo katikati, wakaambulia yadi 77 za kukimbia mechi nzima. Michigan wakashinda 13–10 kwa mkwaju wa Dominic Zvada zikiwa zimebaki sekunde 45. Na Ohio State hao hao ndio waliotwaa ubingwa wa taifa Januari 2025. Walikuwa timu bora kweli. Walikutana na safu isiyowafaa siku hiyo.

Ukiona pengo la namna hiyo, sogeza namba yako pointi 3 hadi 4. Ukiona pia timu zote mbili zinapenda kukimbia na mpira, jua saa itakwenda haraka na mashambulizi yatakuwa machache. Mashambulizi machache humsaidia mnyonge.

Hatua ya tano, geuza pointi kuwa asilimia. Katika mechi za vyuo, mbele kwa pointi 3 ni nafasi ya kushinda kama asilimia 57. Pointi 7 ni kama 68. Pointi 14 ni kama 80. Usiseme tu "Ohio State watashinda". Sema "Ohio State, kwa pointi 5, asilimia 62". Mtu akisema hivyo ndipo unaweza kumpima mwaka hadi mwaka.

Mwisho, usifunge hesabu mapema. Big Ten huzitaka timu zitangaze wachezaji wasiokuwepo angalau saa mbili kabla ya mechi. Mechi hii kwa desturi huanza saa 6 mchana kwa saa za kule, yaani saa 2 usiku Afrika Mashariki. Kwa hiyo saa 12 jioni fungua orodha, angalia jina la kwotabeki kwanza, halafu watano wa mbele. Angalia na upepo. Mvua nyepesi haina shida kubwa, upepo mkali ndio unaoharibu pasi na mikwaju. Rekebisha namba yako, iandike kwenye maoni hapo chini kabla mpira haujaanza, na baada ya hapo usiiguse tena.