Kiungo Kwanza: Televisheni na Kompyuta Zetu Katika Upepo wa Bahari

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule ukutani, ahsanteni kwa kuja. Najua saa hizi baada ya alasiri ni za baraza na kahawa, na mumeziacha mkaja kunisikiliza habari za waya.

Nimekuwa fundi wa televisheni na kompyuta hapa Langoni kwa miaka mingi. Kinachoniuma zaidi katika kazi hii ni kumwona mtu ameitoa nyumbani televisheni nzima isiyo na ila ndani, anakwenda kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vyombo vyetu huku Lamu mara nyingi haviharibiki katikati. Huharibikia pembeni: pale waya unapoingia, kwenye plagi, kwenye meno ya kadi, kwenye kibetri kisichozidi upana wa kidole. Huko ndiko nataka tutazame kwanza, kabla ya kutoa pesa.

Sababu mnaiona kila siku. Kusi ikivuma, upepo unapanda na chumvi kutoka baharini. Chumvi ina tabia ya kunyonya maji yaliyomo hewani, ndiyo maana chumvi ya jikoni hushikana kwenye kopo. Basi chumvi hiyo hiyo ikitua juu ya shaba inakaa majimaji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme. Panapokutana madini mawili tofauti, shaba na chuma tuseme, moja huanza kuliwa. Chombo kinaweza kuwa kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, lakini kiungo chake kiko nje juani, kwenye kusi na kwenye kaskazi.

Nitawapa kisa cha nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa akitazama taarifa ya habari, picha ikawa inaganda, mara inakatika vigaevigae, mara giza. Akaitwa fundi, akasema king'amuzi kimekufa. Kikanunuliwa kingine. Siku mbili, mambo yale yale. Nilipokuja nilipanda darini nikafuata waya kwa mkono, kutoka antena hadi chini, na pale unapoingia kwenye antena nikafungua kile kichwa cha kuzungusha. Ndani mlikuwa na unga wa kijani. Ile sindano ya shaba ya katikati, inayobeba picha yote, ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama uzi, na nilipoigusa ikakatika.

Zamani tungelijua mapema. Wakati wa analojia, kabla Kenya haijazima mitambo hiyo mwaka 2015, mawimbi yakidhoofika ulikuwa unaona chenga. Chenga zikizidi, unajua antena ina tatizo. Dijitali haikuonyi hivyo. Inasafisha makosa yenyewe kimyakimya, picha ni nzuri leo, nzuri kesho, kisha siku kiungo kinapopita mpaka wake picha inaporomoka kwa mpigo. Ndipo mtu husema "televisheni imekufa ghafla", kumbe imekuwa ikiugua tangu mwaka jana. Kwa hiyo ingieni kwenye menyu ya king'amuzi mtafute mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Itazameni siku picha iko sawa, muandike. Ubora ukishuka wiki baada ya wiki, pandeni darini.

Na ukifika darini, fanya hivi. Kata waya nyuma mpaka uone shaba inang'aa. Usione huruma, kata hata nusu mita, kwa sababu maji hutambaa ndani ya ule wavu wa nyuzi kama mafuta kwenye utambi. Menya ganda la nje karibu sentimita moja na nusu, kunja wavu nyuma, kata plastiki nyeupe, kisha vika kichwa kipya. Sindano itokeze milimita mbili au tatu tu mbele ya kichwa, na usibaki uzi hata mmoja wa wavu unaoigusa. Uzi mmoja ukigusa, umezima kila kitu.

Halafu kalafati. Hapa naongea na watu wanaojua jahazi. Hakuna anayeshusha chombo majini bila kushindilia pamba baina ya mbao, basi kwa nini tunaacha kiungo cha waya uchi mbele ya bahari ile ile? Paka mafuta ya mgando kwa nje, kata utepe wa tyubu kuukuu ya mkokoteni, uuvute na uuzungushe kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, kama vigae. Maji yatateremka juu yake yasipate pa kuingilia. Na kabla waya haujaingia dirishani, uache uning'inie kidogo kwa chini kama tumbo, ili tone la mvua lidondokee hapo. Kiungo cha mama nilikifunga hivyo, na kile king'amuzi cha kwanza, kilichosemwa kimekufa, ndicho anachotazamia mpaka leo.

Kuhusu busta, naomba msikimbilie. Busta inakuza mawimbi na takataka zake pamoja. Ukiiweka baada ya kiungo kibovu, unakuza ubovu.

Sasa kompyuta. Kuna tatizo moja linalowatesa sana vijana wanaotafuta kazi na kujaza fomu za serikali mtandaoni. Kompyuta inawaka, intaneti ipo, lakini kila tovuti inakataa, inasema muunganisho si salama. Mtu anadhani ameingiliwa na virusi, analipa kufutiwa kila kitu, na picha za arusi zinapotea. Mimi huuliza jambo moja tu: tazama saa pale chini, ni mwaka gani? Mara nyingi kompyuta iko miaka kumi nyuma. Tovuti hubeba vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2012 ikikiona cheti cha mwaka huu, kwake hicho ni cheti ambacho siku yake haijafika, na inakikataa kwa haki.

Rekebisha tarehe, tovuti zitafunguka. Ukizima na kuwasha ikarudi nyuma tena, ni kile kibetri cha duara kwenye bodi. Kimeandikwa CR2032, upana milimita 20, volti 3. Kwenye kompyuta ya mezani unakitoa kwa ukucha baada ya kuchomoa umeme. Lakini nasema na wazazi hapa kwa uzito wote: kibetri hicho akikimeza mtoto, kinaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Kikuukuu kifunge kwa utepe, kisiachwe mezani. Akimeza, ni hospitali wakati ule ule.

Kompyuta ya mezani inayolia pipi-pipi na kioo kikabaki cheusi, aghalabu ni meno ya kadi ya memori. Chomoa umeme, itoe, sugua yale meno ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi lake, irudishe mpaka isikike "kaa". Nimeziona nyingi zikiamka hivyo.

Wi-Fi nitapita haraka. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, na wengi mumeiweka ruta, kile kisanduku kinachotoa Wi-Fi, ndani ya kidaka kwa kuwa inapendeza. Humo imezungukwa na ukuta pande tano! Itoe uiweke upande wa kiwandani, yaani uani, kwenye uwazi, na uchague gigahezi 2.4 badala ya 5 kwa vyumba vya mbali, kwa kuwa mawimbi yale ya chini hupenya zaidi.

Kuna mahali pa kusimama pia. Televisheni za zamani zile zenye tumbo nyuma, msizifungue. Ndani yake mna maelfu ya volti, na umeme hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Vilevile kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta. Hapo niiteni mimi au fundi mwenzangu.

Tumalizie na rimoti, maana naona zimeletwa nyingi. Toeni simu, fungueni kamera, ya mbele ni bora kwa kuwa ya nyuma huchuja mwanga huu. Elekezeni rimoti kwenye kamera mubonyeze. Jicho letu halioni kitu, lakini kamera ikionyesha taa ndogo inamemeta, rimoti inatuma, basi mtafute kosa kwenye televisheni. Isipomemeta, fungueni mlango wa betri, muzitazame zile springi. Bi mkubwa pale nyuma, yako umeshaifungua? Ipitisheni hapa mbele. Tazameni nyote, springi ya huku nyeupe, ya huku kijani. Nani ana kitambaa na siki kidogo?