Mwili Wote Unauma: Google Iliulizwa Nini Wakati wa Korona?

AMINA: Karibuni barazani, hapa Lamu. Leo mwenzangu kaja na mchoro kwenye simu, hata chai hajaigusa.

SHEE: Chai haikimbii, dada. Huu ni wa Google Trends. Unaandika maneno, tuseme "maumivu ya viungo", unachagua nchi na miaka, nayo inakuonyesha lini yalitafutwa sana na lini yalipoa.

AMINA: Yalitafutwa na watu wangapi?

SHEE: Hilo halisemi. Kipindi kilichotia fora hupewa 100, vingine vyote hupimwa kwa hicho. Tena si idadi, ni fungu. Yaani katika yote yaliyotafutwa wakati ule, ya viungo yalikuwa sehemu gani.

AMINA: Ngoja. Machi 2020, kila mtu yuko mbioni kutafuta korona. Si wale wa magoti wataonekana wamepungua, na magoti yangali yanawauma?

SHEE: Umelipata! Na kuna watu wanaandika makala nzima bila kuliona hilo.

AMINA: Lakini korona yenyewe si ilikuwa inauma mwili?

SHEE: Iliuma, ila haikuwa dalili kubwa. Ripoti ya WHO, Shirika la Afya Duniani, na China ya Februari 2020 iliangalia wagonjwa 55,924 waliothibitishwa. Homa walikuwa nayo asilimia 87.9. Maumivu ya misuli au viungo, asilimia 14.8. Basi anayeuliza "mbona mwili unaniuma" huenda ana korona, huenda ana hofu tu. Huenda pia ni kukaa. Kafyu ilianza Machi 27, watu wako ndani, kazi inafanyiwa kitandani, kompyuta juu ya mto.

AMINA: Huyo wa kompyuta ni wa Nairobi, Shee. Hapa watalii wa kijiji cha Shela walitoweka, nahodha akashinda ameketi gatini. Mgongo wake ulimuuma vilevile, lakini bando la kuuliza angelitoa wapi?

SHEE: Haya, nimesalimu amri. Kuna na jambo la ibuprofen, ile dawa ya maumivu. Machi 14, 2020, waziri wa afya wa Ufaransa aliwatahadharisha watu wasiitumie kwa korona. Siku chache baadaye WHO ikasema haipendekezi watu waiache. Sasa mtu mwenye dawa yake ya mgongo mkononi, hajui aimeze au aitupe...

AMINA: Ataiuliza simu, hata kama mgongo wake ni uleule wa mwaka juzi.

SHEE: Na Machi 2021 chanjo zikafika Kenya. Ukishachanjwa, mkono unauma, mwili unachoka siku moja mbili. Huyo naye anaandika "maumivu ya misuli". Mchoro unawachanganya wote.

AMINA: Ndiyo maana sipendi mtu aniambie Google imejua ugonjwa kabla ya daktari.

SHEE: Google wenyewe walijaribu. 2008 walitoa Google Flu Trends, ya kukadiria mafua kutokana na watu wanavyotafuta. Msimu wa 2012 hadi 2013 Marekani ikakadiria kupita kiasi, na 2015 wakaacha kutoa makadirio.

AMINA: Mimi na mchoro wako nina ugomvi mwingine. Takwimu zake zinaanzia lini?

SHEE: 2004.

AMINA: 2004! Mwaka wa chikungunya hapa, ile homa ya mbu inayouma viungo. Watu walitembea wameinama mitaa mizima, vidole havikunjuki, mtu hawezi kufungua kifuniko cha chupa. Damu ilipopimwa Oktoba, ikakadiriwa watu 13,500 waliambukizwa, robo tatu ya kisiwa. Sijui kama pwani hii imewahi kuumwa viungo kwa pamoja vile. Nionyeshe kwenye mchoro wako.

SHEE: Hauko. Yakitafutwa na wachache, Trends inakwambia data haitoshi.

AMINA: Haya basi. Ule ulikuwa ukame, kila nyumba imeweka maji kwenye mapipa, na mbu huyo anazaa kwenye maji safi, anauma mchana. Wazee walikuwa wakitia visamaki kwenye birika, lile tangi la maji la nyumba, vile viluwiluwi viliwe. Pipa la plastiki nani alilitilia samaki?

SHEE: Lakini leo simu ziko, dada. Ikizuka tena...

AMINA: Bibi yangu goti likimsumbua atamwita binti wa jirani aje na mafuta ya habasoda amkande. Akizidiwa, mjukuu aliye Mombasa ndiye atakayetafuta. Mchoro utaandika goti hilo liko Mombasa.

SHEE: Hapo sina jibu. Ila usiutupe wote. Mhudumu wa zahanati akiona watu wanauliza sana kama ibuprofen ni hatari, anajua la kuwaeleza asubuhi wakija. Wangapi wanaumwa, hilo atalihesabu kwenye daftari lake.

AMINA: Kwa hilo sikupingi. Sasa kunywa chai, tusikie maswali ya wasikilizaji. La kwanza limetoka Matondoni, linahusu bega.