Nyanya Alidhani Ni Mafua

Hamjambo nyote, habari za nyumbani? Leo nimekaa jikoni, kwa hiyo mkisikia birika mnisamehe. Hapa Leipzig, Ujerumani, kumepoa na tangawizi iko motoni. Hiyo tangawizi ndiyo kisa chenyewe.

Mmeniuliza sana: mbona sauti imekuwa nzito? Haya, leo nasema. Mimi ni nonbainari. Yaani ukiniita mwanamke nahisi unamsemesha mtu aliyesimama nyuma yangu. Ukiniita mwanamume, nako nageuka kumtafuta. Tangu mwaka jana napaka jeli ya testosteroni, ile homoni ya kiume, dozi ndogo, mabegani kila asubuhi. Unapaka, unanawa mikono, unangoja ikauke ndipo uvae shati, maana ikimgusa mtu mwingine inamwingia naye. Damu napimwa mara kwa mara, kwa sababu homoni hii inaweza kuifanya nzito. Na sauti ikishashuka hairudi, hata ukiacha dawa. Daktari alinirudia hilo mara tatu, nikasema sawa.

Nilichosahau ni simu ya Ijumaa.

"Shikamoo nyanya." Kimya. "Nani wewe?" Nikajitaja. "Loo! Baridi ya huko imekumaliza, mwanangu. Una mafua hayo." Nami kwa woga nikaitikia: ndiyo, mafua. Miezi mitatu nina mafua! Kila Ijumaa anaongeza dawa: tangawizi mbichi, uiponde usiikate, ndimu, karafuu mbili, asali usitie maji yakiwa ya moto. Nilikunywa yote, na uongo wangu kooni.

Makaratasi? Tangu Novemba 2024 Ujerumani ina sheria mpya: unapeleka taarifa kwa msajili, unangoja miezi 3, unarudi kutamka mwenyewe jina na jinsia yako, bila hakimu. Ile ya 1980 ilitaka ripoti za wataalamu wawili. Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliagiza baraza la mitihani, KNEC, limpe Audrey Mbugua, mwanamke Mkenya aliyeandikwa wa kiume alipozaliwa, cheti kisicho na alama ya jinsia. Mimi bado sijaenda kwa msajili. Jina langu alinipa nyanya, sijui kama nitaliacha.

Kuhusu moyo, nilidhani homoni itafuta kila kitu. Wapi! Januari hapa jua linazama saa kumi jioni, na mshauri wangu naonana naye hadi leo. Kilichobadilika ni kidogo tu: zamani nikihariri video nilizima sauti, nikafuata midomo. Sasa najisikiliza.

Mwezi uliopita nikamwambia. Nyanya, si mafua, ni dawa ninayotumia kwa hiari yangu, na sauti itabaki hivi. Akanyamaza hadi nikadhani bando limeisha.

"Inakuumiza?"

Hapana.

"Unalala?"

Siku hizi nalala.

"Kwa hiyo tangawizi yangu umeinywa bure?"

Nikacheka. Nikamwambia nimeshaizoea, siiachi. Hakuuliza zaidi. Mama ndiye hapokei simu zangu tangu siku hiyo, na hilo leo siliwezi.

Ijumaa iliyopita nyanya kapiga mwenyewe. Nikaitikia. Safari hii hakuuliza ni nani.