Mbegu Haikung'olewa

Bwana Yesu asifiwe!

Nilipoombwa nizungumze juu ya kudumu katika imani huku maisha yakituvuta kila upande, nilikaa mezani niandike. Simu ikalia. Nikapokea. Kwa kuwa ilikuwa mkononi tayari, nikasoma na jumbe mbili tatu. Nilipoinua kichwa, nusu saa imekwisha na karatasi ina neno moja: "Utangulizi". Basi leo mnahubiriwa na mgonjwa mwenzenu.

Tufungue Marko 4. Mfano wa mpanzi tunaujua tangu shule ya Jumapili, na kwa sababu tunaujua, tunaukimbiza. Mbegu za njiani zililiwa na ndege, za penye mwamba ziliunguzwa na jua, hizo tuziache. Nataka tukae kwenye miiba. Mstari wa 19 unataja "shughuli za dunia, na udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine", kwamba yakiingia hulisonga neno, likawa halizai. Haikuandikwa kwamba mbegu iling'olewa. Ilisongwa. Mche upo, majani yapo, mpita njia atasema shamba limestawi. Njoo wakati wa mavuno ndipo utaona hakuna suke.

Aliyewahi kushika jembe anajua kwamba gugu halina ugomvi na mmea. Linakunywa maji yaleyale, linakula rutuba ileile, linauwahi mwanga tu. Ndiyo maana ni vigumu kulitambua maishani mwetu. Kazi si dhambi. Kulea watoto si dhambi. Hata mpira si dhambi, wazee msinitazame hivyo! Lakini jioni, vyote vikishakula na kushiba, Mungu anapewa zile dakika tano za mwisho, za usingizi. Nani kati yetu aliamua kwamba iwe hivyo? Hakuna. Gugu halipandwi na mtu.

Halafu yuko Martha, Luka 10. Wanakwaya na wanakamati, hapa tusikilize vizuri, maana huyu dada hakuwa amepotea. Alikuwa anamhudumia Bwana mwenyewe, nyumbani kwake. Biblia yetu inasema alikuwa "akihangaika kwa utumishi mwingi". Neno la Kigiriki alilotumia Luka lina picha ya mtu anayevutwa kando, huku na huku. Na mtu akivutwa hivyo, sikiliza maombi yake yanavyokuwa, juu ya ndugu yake Mariamu aliyeketi akimsikiliza Yesu: "Mwambie anisaidie." Ameanza kumpangia Yesu kazi! Mimi nimeomba maombi ya namna hiyo mara nyingi, tena nikiwa na ratiba ya ibada mkononi.

Wengine watasema, mwalimu, haya yote yameletwa na simu. Simu imeyazidisha, sibishi. Ila katika karne ya 5 John Cassian aliandika mazungumzo yake na wazee wa jangwa la Misri, watawa walioacha mali, ndoa na miji ili waombe. Siku moja rafiki yake Germanus alimlalamikia mzee Isaac kwamba akili haitulii: unaanza kutafakari zaburi hii, kabla hujaimaliza mawazo yameshahamia andiko jingine. Jangwani kule, bila kengele wala skrini! Hilo lilinifariji kuliko mahubiri mengi. Nikiwaza mambo ya kazini katikati ya Baba Yetu, sijawa mtu wa ajabu.

Mzee Isaac hakumkemea. Alimpa mstari mmoja wa kushika, Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Useme ukiwa safarini, ukifanya kazi, ukila, ukienda kulala. Mawazo yakitoka, unarudi nao. Yakitoka tena, unarudi tena. Nehemia naye tunamkuta mbele ya mfalme Artashasta. Mfalme anamuuliza anataka nini, na kabla hajamjibu, Nehemia anatuandikia, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Hesabuni wenyewe ombi hilo lilichukua muda gani, maana mfalme hasubirishwi.

Sisemi maombi mafupi yachukue nafasi ya faragha. Yesu aliamka alfajiri akaenda mahali pasipo watu, Marko 1:35, na Simoni akamfuata na habari zake: "Watu wote wanakutafuta." Wengi wetu tungeomba radhi na kukimbia kurudi. Yeye akasema twendeni vijiji vingine. Alikuwa ametoka kuomba, alijua anakoenda.

Nina ukurasa mwingine hapa, lakini nauacha. Badala yake tukae kimya dakika tatu, kila mtu na mstari ule wa Zaburi. Nitatazama saa mimi. Simu ikitetemeka mfukoni, iache itetemeke. Ukigundua umeshafika nyumbani kwa mawazo, rudi, wala usijilaumu njiani. Haya, tuanze.