Dirisha Bovu Halitupwi: Mazungumzo na Wenye Nyumba wa Mji Mkongwe, Zanzibar

Assalaam aleykum. Nimeombwa nizungumzie madirisha, na najua wapo waliokuja kusikia bei ya alumini. Hao watanisamehe.

Dirisha la mbao likianza kuoza, aghalabu huoza chini. Maji ya mvua hutuama kwenye kizingiti, yakanyonywa na ncha za miimo. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu wa kung'oa, chukua bisibisi nyembamba, uchome taratibu ukianzia chini kupanda juu. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, pameoza. Ikigoma, weka alama kwa penseli. Mara nyingi alama hiyo haivuki shubiri moja. Sasa kwa shubiri moja, bwana, unatupa dirisha zima la msaji?

Fundi anayejua kazi hukata palipooza kwa mshazari. Mkato wa mshazari unakipa kipande kipya uso mpana wa kushika gundi, na ukielekezwa vizuri maji huteremka nje badala ya kulala kwenye kiungo. Kipande chenyewe kiwe cha mti uleule au unaokaribiana nao kwa ugumu, na nyuzi zake zifuate za mbao ya zamani. Ukichomeka mti laini ndani ya msaji, masika yakija kila mmoja utavimba kivyake, kiungo kifunguke. Hapo ndipo watu husema, "Si tulikwambia, mbao za zamani hazitengenezeki?"

Vyuma vya dirisha navyo vina lawama yao. Chuma kikishika kutu hunenepa, kikanenepea ndani ya tundu lake na kupasua mbao. Visuguliwe hadi kutu yote itoke, vipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo virudishwe. Na mkikwangua rangi kuukuu, lowesheni kwanza na watoto wakae mbali, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Lakini adui mkubwa ni saruji. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunywa unyevu na kuutoa. Ukizungushia fremu saruji, unyevu unakosa njia, unaigeukia mbao. Unaweza kukarabati dirisha kwa ustadi wote, halafu fundi wa lipu akaliua kwa karai moja. Pembeni mwa fremu itumike chokaa iliyozimwa na mchanga, na iachwe ikauke kwa muda wake. Haipendi kuharakishwa.

Mtaniambia gharama. Ni kweli, siku za seremala ni nyingi kuliko za anayepachika alumini. Na aliyepanga nyumba ya wakfu au ya serikali ana haki ya kuuliza kwa nini atoboe mfuko wake kwa mali isiyo yake. Hilo ni la mwenye nyumba, na silipambi. Lakini hesabuni na umeme. Vile vibao vya mlazo vya madirisha yetu ya mbao vinazuia jua na kupitisha upepo, kaskazi na kusi. Ukiweka kioo kitupu, chumba kinakuwa tanuri, unanunua kiyoyozi, maji yake yanamdondokea jirani anayepita kichochoroni. Kama shida ni mbu, wavu kwenye fremu nyepesi ya kubandua, upande wa ndani, unatosha.

Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadilisha dirisha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Pitieni huko kabla ya kugusa msumari. Pigeni picha dirisha likiwa bado ukutani, na kila kipande kinachotoka kipewe namba upande wa nyuma, maana hakuna madirisha mawili yanayolingana sawasawa hapa mjini.

Uani kuna dirisha tumelilaza juu ya meza, na bisibisi zipo. Mwenye swali aje nalo huko.