Mahjub wa Dar kwenye sinema za Berlin

ZUHURA: Kaka Hamza, wiki iliyopita uliahidi kutuletea mwigizaji wa sinema za Kijerumani za zamani. Mimi nikajua unakuja na Mzungu mwenye masharubu!

HAMZA: Nimekuja na mtoto wa Dar, Da' Zuhura. Mahjub bin Adam Mohamed, kazaliwa Dar es Salaam, Februari 1904. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

ZUHURA: Haya, kafikaje huko?

HAMZA: Baba yake alikuwa askari wa Kisudani kwenye jeshi la Mjerumani. Vita ya Kwanza inaanza, mtoto ana miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Kazi yake ishara, kupeleka ujumbe. Oktoba 1917 akajeruhiwa Mahiwa, kule kusini, Waingereza wakamkamata. Baada ya vita akahangaika melini, mara boi, mara mhudumu wa mezani. Mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje kudai mshahara wa vita, wake na wa mzee wake.

ZUHURA: Wakampa?

HAMZA: Wakamwambia umechelewa.

ZUHURA: Weee!

HAMZA: Basi akabaki Berlin. Akawa mhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Na akafundisha Kiswahili chuo kikuu, kwa malipo kiduchu. Januari 1933 akamwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akawa chansela.

ZUHURA: Siku tatu! Hata pilau ya harusi haijapoa.

HAMZA: Mwaka 1935 kazi ya Haus Vaterland ikaota mbawa. Mtu mweusi Ujerumani ya wakati ule, nani atamwajiri? Lakini studio zilimtaka. Wanazi, watu wa Hitler, walikuwa wanatamani makoloni yao yarudi, wakatengeneza filamu za Afrika, na filamu ya Afrika haiendi bila Waafrika. Mahjub kaonekana kwenye filamu zaidi ya ishirini. Nyingi ni kupita tu: mtumishi, mbeba mizigo, mtu wa kujaza sini.

ZUHURA: Hana hata moja ya maana?

HAMZA: Ipo ya 1934, *Die Reiter von Deutsch-Ostafrika*, ya wapanda farasi wa Kijerumani huku kwetu wakati wa vita. Hebu bahatisha alicheza nani.

ZUHURA: Askari?

HAMZA: Kijana anayejifunza ishara. Kile kile alichokifanya utotoni kwa kweli! Ana miaka thelathini, anaigiza utoto wake mbele ya kamera, mtiifu kwa bwana mkubwa.

ZUHURA: Ngoja kwanza. Yaani utiifu ule ule waliokataa kuulipa 1929, sasa wanaulipia kama maigizo?

HAMZA: Ndiyo maana nikakwambia huyu lazima tumzungumze. Na yeye mwenyewe, nisimpambe, alisimama na wale waliotaka makoloni yarudi. Akaomba hata nishani ya wapiganaji wa vita. Wakamnyima. Wengine wanamwita msaliti. Mimi naona mtu aliyeshika mlango pekee uliokuwa wazi. Tubishane baadaye.

ZUHURA: Tutabishana, mimi bado sijakubali.

HAMZA: Ya mwisho ni *Carl Peters*, 1941. Steringi ni Hans Albers, staa mkubwa hasa. Mahjub ni Ramasan, kiongozi wa msafara.

ZUHURA: Carl Peters huyu huyu, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa Mkono wa Damu? Aliyewanyonga watu Kilimanjaro?

HAMZA: Huyo huyo. Wajerumani wenyewe walimfukuza kazi 1897 kwa unyama ule. Hitler akamsafisha, filamu ikamfanya shujaa. Nayo ikatoka Machi. Agosti, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata Mahjub.

ZUHURA: Kosa?

HAMZA: Uhusiano na mwanamke wa Kizungu, wao waliita kuchafua damu. Hakupelekwa mahakamani. Moja kwa moja kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akakaa miaka mitatu, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Miaka arobaini tu.

ZUHURA: Inna lillahi... Ana kumbukumbu yoyote huko?

HAMZA: Tangu 2007 kuna kibao kidogo cha shaba kwenye njia ya miguu, Brunnenstraße, mtaa aliokaa.

ZUHURA: Na zile hela za mzee wake?

HAMZA: Si walishasema kachelewa.